Saa za Mtoto: Mto, Kaya na Malezi katika Historia ya Bariadi

Miji mingi ya bara Tanzania imeandikiwa historia kwa kufuata boma, reli au mgodi, na kwa sababu hiyo Bariadi, uliokaa mbali na reli na ambao katika zama za Waingereza ulitawaliwa kutoka makao ya wilaya yaliyokuwa Maswa, umeambulia kurasa chache kuliko unavyostahili. Mji huu ulipata kuwa makao makuu ya mkoa mwaka 2012, pale Mkoa wa Simiyu ulipoundwa kwa kukusanya wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilizokuwa Shinyanga, pamoja na Itilima iliyomegwa kutoka Bariadi na Busega iliyomegwa kutoka Magu mkoani Mwanza. Hata hivyo, watu waliokulia hapo kabla ya mwaka huo, wanapousimulia mji wao, hawaanzii kwenye utawala. Huanzia mtoni, malishoni na uani mwa kaya, na kumbukumbu hizo za utotoni, ambazo mwanahistoria hushawishika kuziweka kando kama mapambo, ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi nguvu zilizoujenga mji. Kila mamlaka iliyopita Bariadi, kuanzia utemi hadi chama cha ushirika, na kuanzia kijiji cha ujamaa hadi shule, ilikuja kudai kwa kila familia saa za mtoto, iwe kwa kutamka au kwa kunyamaza. Na historia ya malezi ya hapa kwa sehemu kubwa ni historia ya mvutano juu ya saa hizo.

Mvutano huo ulianza na mto. Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina lake, huanzia katika nyanda za Serengeti, hupokea maji ya Duma, ya mto Bariadi wenyewe na ya makorongo mengi yasiyo na jina ramani­ni, kisha hushuka magharibi na kumwaga katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, upande wa Magu. Henry Morton Stanley, aliyepita Usukuma mwanzoni mwa mwaka 1875 akielekea Kageyi kwenye mwambao wa ziwa, aliunadi ulimwenguni kuwa ndio mkono wa kusini kabisa wa mto Nile, sifa kubwa ambayo kwa wenyeji haikuongeza wala kupunguza kitu, kwani wao waliujua kwa tabia yake nyingine: kwamba si mto wa mwaka mzima. Mvua zinapoanza kuelekea Novemba mto hujaa kwa ghafla, hubeba magogo na udongo mwekundu, na huweza kuzitenga ng'ambo mbili kwa siku kadhaa. Mvua zinapokatika kuelekea Juni maji hupotea juu na kubaki chini ya mchanga. Mto wa namna hii, ambao kiangazi huwa barabara pana ya mchanga mweupe huku maji yakitambaa chini yake, una utaratibu wake wa kuchotwa. Hufukuliwa kisima kifupi kwa jembe au kwa mikono, maji machafu ya kwanza hutolewa na kumwagwa, kisha husubiriwa yale yanayochujwa na mchanga yajikusanye taratibu, nayo huchotwa kwa kata, yaani chombo cha kibuyu chenye mpini, mpaka mtungi ujae. Kadiri kiangazi kinavyoendelea ndivyo kisima kinavyozidi kuwa kirefu na ndivyo foleni inavyozidi kuanza mapema, hata kabla ya alfajiri.

Kazi hiyo ilikuwa ya wasichana na mama zao, na hapa ndipo simulizi za wazee wa Bariadi hugawanyika kwa namna ambayo wakusanyaji wa kumbukumbu hawajaitilia maanani ya kutosha. Wanaume, wanapoukumbuka mto wa utotoni, hukumbuka kuogelea, kuvua kambare kwenye madimbwi yaliyobaki na kunywesha ng'ombe. Wanawake hukumbuka foleni, ngata kichwani na ugomvi wa zamu kisimani. Mto ulikuwa uwanja wa michezo kwa upande mmoja wa familia na mahali pa kazi kwa upande wa pili, na pale ambapo historia ya mji huu imeegemea simulizi za wanaume peke yao, mto umeonekana kuwa wa furaha kuliko ulivyokuwa. Hata kwa wavulana furaha hiyo ilikuwa na gharama, kwa kuwa kichocho, ugonjwa unaoletwa na minyoo inayoishi katika konokono wa maji baridi na kuingia mwilini kupitia ngozi, kimeenea kwa muda mrefu katika Kanda ya Ziwa, na watoto wanaooga katika madimbwi na malambo ndio huambukizwa zaidi.

Wenyeji wa eneo hili ni Wasukuma, na hasa wale wanaoitwa Wanyantuzu, kwa kufuata Ntuzu, mojawapo ya temi za mashariki ya Usukuma. Temi, au utemi, ilikuwa nchi ndogo chini ya ntemi, mtawala ambaye mamlaka yake yaliambatana na mvua, ardhi na matambiko. Msafiri Mwaustria Oscar Baumann, aliyevuka kutoka Ngorongoro kupitia Serengeti mwaka 1892, aliikuta Ntuzu ikiwa nchi ya wakulima na wafugaji, katika miaka ileile ambayo sotoka, tauni ya ng'ombe, ilikuwa imewaacha Wamasai wa upande wa mashariki katika njaa kuu. Makazi hayakuwa vijiji vya nyumba zilizobanana. Kila familia iliishi katika kaya yake, boma lililozungushiwa ua wa manyara, ule mti wa utomvu mweupe usioliwa na mifugo, na ndani yake mlikuwa na nyumba za wake, maghala ya mtama na uwele na zizi la ng'ombe, huku mashamba yakiizunguka kaya pande zote. Ardhi ilijulikana kwa majina ambayo mtoto aliyajua kabla ya kujua kuhesabu: luseni, udongo wa kichanga ulio karibu na miamba ya mawe, itogolo, udongo mgumu wa katikati ya mteremko, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Wataalamu wa udongo wa enzi ya Waingereza waliyachukua majina hayo na kuyatumia katika maandishi yao, kwa kuwa hawakupata mpangilio bora zaidi ya ule wa wakulima wenyewe.

Ndani ya kaya umri ulihesabiwa kwa kazi. Mtoto wa kiume wa miaka 5 au 6 alianza na ndama na mbuzi karibu na nyumbani, akapanda daraja hadi kuchunga kundi zima pamoja na kaka zake, na alipokuwa kijana alijiunga na basumba, yaani vijana wa eneo, waliokuwa na kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale na waliowajibika kwa kazi za pamoja kama kulima, kujenga na kubeba. Msichana alianza na kulea mdogo wake mgongoni, kisha maji, kuni na kinu, na wote wawili, kabla ya mavuno, waliwekwa shambani kuwafukuza ndege wanaovamia mtama, kazi inayochosha kuliko inavyosikika, kwa sababu ndege huamka mapema kuliko mtu na hawana siku ya mapumziko. Malishoni wavulana walichimba vishimo ardhini na kucheza isolo, mchezo ulio jamaa ya bao, wenye safu 4 za vishimo na kokoto au mbegu za kutembeza, ambao ulifundisha hesabu bila mwalimu na ambao zaidi ya mara moja umekuwa sababu ya ng'ombe kuingia shamba la jirani.

Jioni ilikuwa ya shikome, moto uliowashwa uani karibu na zizi, ambapo wanaume na wavulana waliketi, wageni walihojiwa, habari za siku zilitolewa na watoto walifundishwa nasaba, hadithi, vitendawili na adabu ya kuzungumza mbele ya banamhala, yaani wazee. Mfumo wa heshima ulikuwa na ukali na ulegevu wake: kwa baba mtoto alinyamaza, lakini kwa guku, babu, na kwa mama, neno ambalo kwa Kisukuma humtaja bibi wakati mzazi wa kike huitwa mayu, mtoto aliruhusiwa utani, na siri nyingi ambazo mzazi hakuambiwa zilihifadhiwa huko. Majina nayo yalikuwa kumbukumbu za familia. Mabula na Kabula walizaliwa wakati wa mvua, Nyanzala wakati wa njaa, Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni yule anayefuata baada yao; mbali na hayo lilikuwapo jina la mzimu wa ukoo, mmoja wa masamva, ambalo mara nyingi lilipatikana kwa kupiga ramli mtoto alipougua au kulia bila kukoma. Kwa kuwa jina liliweza kutaja hali ya mwaka, orodha ya watoto wa kaya moja ni aina ya kalenda ya hali ya hewa ambayo mtafiti makini angeweza kuisoma.

Swali la mtoto ni wa nani halikujibiwa kwa damu pekee. Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika aliyechapisha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, alieleza kwa kirefu nafasi ya bukwi, mahari ya ng'ombe: pale ilipolipwa, watoto walikuwa wa upande wa baba na walirithi huko, isipolipwa, walikuwa wa upande wa mama. Kanuni hiyo ilifanya watoto wengi wakulie kwa wajomba au kwa babu mzaa mama bila kuhesabiwa yatima, na ilimfanya binti awe njia ya kaka yake kuoa, kwa kuwa ng'ombe walioingia kwa ajili yake ndio waliotoka kwa ajili ya mke wa kaka. Ng'ombe kwa hiyo alikuwa benki na hati ya uzazi kwa pamoja, na mvulana aliyechunga vibaya alihatarisha ndoa yake mwenyewe.

Shule iliingia katika ulimwengu huo polepole na kutoka pembezoni. Nassa, iliyo sasa wilayani Busega, ilikuwa na wamisionari wa Kianglikana tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, na mwaka 1909 kituo hicho kikapokewa na Africa Inland Mission, shirika ambalo mrithi wake, kanisa la Africa Inland Church (AIC), lina waumini wengi Simiyu hadi leo. Upande wa Wakatoliki, mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walipanua kazi yao katika miaka ya 1950, na Jimbo la Shinyanga likaundwa mwaka 1956 chini ya Askofu Edward McGurkin wa shirika hilo. Wazazi wengi waliipima shule kwa kipimo cha malishoni. Kaya yenye wavulana watatu ilitoa mmoja, na si lazima aliye hodari zaidi, kwani aliye hodari ndiye aliyefaa kundini. Uamuzi huu umelaumiwa mara nyingi kuwa ni ujinga wa wafugaji. Tathmini ya haki zaidi ni kwamba shule ilikuwa bahati nasibu na kundi lilikuwa uhakika.

Pamba ilibadilisha hesabu zote. Wajerumani waliijaribu kanda ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, lakini ilishika mizizi kweli baada ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kutoa aina za mbegu zilizostahimili wadudu wanaofyonza majani, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilimo chake kikatapakaa hadi kwenye ardhi za mashariki zilizokuwa na watu wachache. Familia zilihama kutoka upande wa ziwa kufuata ardhi hiyo mpya, na Bariadi, uliokuwa makutano ya njia za miguu, ukawa mahali pa kununulia na kupimia. Zao hili lilimnyonya mtoto saa zake kuliko lolote lililotangulia, kwa kuwa lina kazi katika kila mwezi: kupanda Novemba na Desemba, kupalilia mara kwa mara, kuchuma kuanzia Mei au Juni, kutenga pamba safi na pamba fifi, yaani ile iliyochafuka au kubadilika rangi, na mwishoni kung'oa na kuchoma masalia ili wadudu wasivuke msimu. Kutenga safi na fifi ilikuwa kazi ya vidole vidogo, iliyofanywa uani hadi usiku, na watu wazima wa leo huielezea kwa uchovu ambao haujaisha.

Familia moja haikuweza kumaliza ekari zake peke yake, na ndipo desturi za ujirani zikapata kazi mpya. Elika, kikundi cha vijana wanaolima kwa zamu katika mashamba ya wanachama au kwa malipo, kililima kwa ngoma, na bugobogobo, ngoma ya majembe inayojulikana leo nchi nzima jukwaani, ilizaliwa katika mstari huo wa wakulima. Baada ya mavuno yalifuata mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyohesabiwa kuanzia waganga hasimu Ngika na Gumha wa karne ya 19. Mtoto alizaliwa ndani ya kimojawapo kama anavyozaliwa ndani ya ukoo, akajua mapema ni dawa za nani zinavuta watazamaji, na aliona kwamba fedha za pamba na ngoma huwadia mwezi mmoja.

Hasira juu ya mizani ya wanunuzi ndiyo iliyozaa ushirika. Wakulima waliamini kwamba wanapunjwa, wakaajiri wapimaji wao wenyewe, na harakati hiyo, ikiongozwa na Paul Bomani, ikazaa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, shirikisho lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Wakati huohuo Waingereza waliendesha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, kuanzia mwaka 1947 hadi 1956, uliochimba malambo mengi ya maji na pia kuamuru matuta, samadi na kupunguza mifugo. Watu walizichukia amri hizo na kuzipinga mpaka zikaachwa, lakini malambo waliyapokea kwa mikono miwili, kwa sababu yalimpunguzia mtoto mwendo wa kiangazi. Mara nyingi kipimo cha sera ya serikali katika kaya kilikuwa ni kilomita ambazo ng'ombe na mtungi viliongezewa au kupunguziwa.

Baada ya Uhuru kasi iliongezeka. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ilizing'oa kaya kutoka katika mashamba yao na kuzipanga katika mistari, Shinyanga ikiwa miongoni mwa mikoa iliyohamishwa kwa haraka kubwa. Kwa wachungaji wadogo tukio hili lilikuwa na maana mbili zinazopingana: malisho yalikuwa mbali zaidi, na shule ilikuwa karibu zaidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote, ambayo ilianza kutekelezwa nchini mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto. Vijana na wazee wao walikutana katika masomo, kwa kuwa mikoa ya ziwa ikiwemo Shinyanga ilikuwa uwanja wa majaribio ya kisomo cha watu wazima yaliyosaidiwa na UNESCO kati ya mwaka 1968 na 1972, na vitabu vya mwanzo vya kisomo hicho vilifundisha herufi kwa kilimo cha pamba. Palikuwa na kejeli kidogo hapo: baba alijifunza kusoma kwa zao ambalo lilimzuia mwanawe kwenda kusoma.

Ua wa manyara haukupotea, wala ng'ombe. Kilichopotea ni nafasi. Kadiri mashamba ya pamba na watu walivyoongezeka, malisho yalibanwa kati ya vijiji na mipaka ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, na kuanzia miaka ya 1970 familia zilianza kugawanyika, sehemu moja ikibaki na mashamba na nyingine ikiswaga makundi kuelekea Rukwa, Katavi, Usangu na bonde la Kilombero. Wizi wa mifugo uliongezeka nao, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wakaunda sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji, ambao uliwarudisha vijana katika nidhamu iliyofanana na ile ya basumba, ingawa kwa ukali ambao wazee wengine waliushangaa. Katika Ihefu, huko Usangu, wafugaji hao waliondolewa kwa amri ya serikali mwaka 2006, na baadhi ya watoto waliozaliwa safarini walikuwa hawajawahi kuiona nchi ambayo majina yao yanaitaja.

Mji wa Bariadi, wenye halmashauri yake, ofisi za mkoa na barabara ya lami iendayo Lamadi kwa upande mmoja na Maswa kwa upande wa pili, sasa unakua juu ya ardhi ileile ya luseni na mbuga. Mkoa, uliohesabiwa kuwa na watu 1,584,157 mwaka 2012, ulikuwa na 2,140,497 katika sensa ya mwaka 2022, na bado ni kinara wa pamba nchini. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha kwa ajili ya mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi katika miji na vijiji vya Simiyu, maji ambayo, yatakapofika kila kitongoji, yatamaliza foleni ya kisima cha mchanga. Madai ya shule juu ya saa za mtoto nayo yamefika mbali kuliko madai yoyote yaliyotangulia: ada zilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na katika miaka iliyofuata mkoa ulijulikana kwa kambi za kitaaluma, ambapo wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa na kufundishwa kwa wiki kadhaa wakilala hukohuko, mbali na kundi, mbali na shamba na mbali na shikome. Leo si ajabu kukuta kaya ambayo Kulwa yuko darasani Bariadi kwa bibi yake, Doto yuko na ng'ombe Katavi, na wanazungumza kwa simu wakati wa likizo ili kukubaliana ni nani atakayerudi kusaidia kuchuma pamba.